Mayai Aliyoyageuza Baba Yako

Akoth mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako pale steji ya Olympic, na umeniacha na begi lako hapa mlangoni. Sitakuandikia mambo ya kula vizuri na kuamka mapema. Wewe ni mtu mzima, na Kisumu pia kuna watu wanaoishi. Nakuandikia kwa sababu kila nikianza kuongea juu ya baba yako unasema, "Mum, achana na hiyo story," halafu unaweka zile waya zako masikioni. Kwa barua huna pa kuziweka.

Nimeusikia mradi wake. Ploti nzima imeusikia, kwa maana alipopiga simu uliweka spika. Ati amepata kipande cha shamba karibu na ziwa. Ati amejenga vizimba vya kinyonga na mijusi, na kilichobaki ni mtu wa kuangalia mayai mpaka yaanguliwe, na mtu huyo ni wewe, damu yake. Miaka yote damu yake ilikuwa hapa Kibera ikipanga foleni ya maji na mtungi, na hakuipigia simu hata siku ya Krismasi. Sasa umejifunza kazi ya mayai mpaka watu wanakuja kukuuliza, ndipo damu imeanza kumwita.

Sitakuzuia. Lakini kuna kitu unachokumbuka vibaya, na siwezi kukuacha uende nacho hivyo.

Unasema unamkumbuka baba yako kwa mkono. Unakumbuka kinyonga mchanga, mdogo kuliko kidole chako, anatembea juu ya kiganja chako, na chini ya kiganja chako kuna mkono mkubwa umekushikilia usitetemeke. Umeniambia habari za mkono huo tangu ukiwa shule ya msingi. Nimenyamaza kwa sababu mtoto anahitaji kitu cha kushika. Sasa unaenda kuishi naye, basi ujue ule mkono ulikuwa wa nani.

Baba yako mtaani alikuwa anaitwa Injinia. Hakuwahi kujenga hata choo. Aliwahi kuwashikia wapimaji wa barabara ule ufito wao wenye rangi, siku chache tu, wakamwachia kofia ngumu ya plastiki, na kofia ikawa cheo. Alikuwa anaivaa akienda kununua sukari. Alikuwa na sauti nzuri, hilo siwezi kumnyima. Akikuambia kesho tutahama, unaanza kutafuta katoni za kupakia vyombo. Mimi nilikuja Nairobi kutoka Siaya na akili zangu zote, nikaisikia ile sauti, nikazipoteza zote kwa siku moja, na hakuna aliyeniibia. Nilizitoa mwenyewe, nikicheka.

Yeye akiwa anatafuta kazi inayomfaa injinia, mimi nilikuwa naenda Kawangware kufua. Ndivyo nilivyompata Mama Njeri. Huyu mama unayemjua, anayekuwekea chai na kukuita "wangu", siye niliyemkuta. Yule wa wakati ule alikuwa na ploti nyuma ya steji ya 56, saluni mbele, vyumba vya mabati nyuma, na alikuwa anawaangalia wapangaji wake kama mtu anayeangalia mchele wenye mawe. Chumba kimoja cha mawe hakuwa anakipangisha. Siku ya kwanza alinifungulia mlango wake akasimama kando, aone kama nitapiga kelele. Ndani kulikuwa na vizimba vya wavu mpaka kwenye dari, kinyonga juu ya matawi, na mijusi wenye macho makubwa wameng'ang'ania vioo. Leseni ya serikali ilikuwa imetundikwa ukutani ndani ya fremu.

"Wengi hutoroka hapa," akasema.

"Watoroke waende wapi?" nikamuuliza. "Mimi nimekuja kufua."

Akacheka kwa pua. Nguo nikafua, lakini baada ya wiki chache nilikuwa nafagia kile chumba pia, nakamata panzi, nanyunyizia majani maji. Waliokuwa wananunua wale wanyama walikuwa watu wa ng'ambo, wanaoweka kinyonga sebuleni kama sisi tunavyoweka tivii. Mama Njeri hakuwaheshimu hata kidogo. Alikuwa akisema wanalipa vizuri na hawajui kitu, na kwamba hiyo ndiyo aina nzuri ya mteja.

Hapo ndipo nilimwona kinyonga akitaga kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameacha kula, anazunguka chini ya kizimba, tumbo limejaa vinundu kama mfuko wa njugu. Mama Njeri alimwekea beseni la mchanga wenye unyevu na kufunika kizimba kwa shuka, kwa maana kinyonga akiona mtu anaacha kutaga na anaweza kufa na mayai tumboni. Tulichungulia kwa kitobo. Alichimba kwa mikono yake, akageuka, akaingiza makalio kwenye shimo akatulia. Alipomaliza alirudisha mchanga wote, akaupigapiga kwa miguu mpaka ukawa sawa, kisha akapanda tawini akiwa amekonda kama ngozi tupu. Hakuangalia nyuma tena. Kinyonga halei. Anafukia na kwenda.

Mama Njeri alifukua kwa kijiko na brashi ya kupaka rangi, yai moja moja, jeupe, laini kama ngozi. Kabla hajaliinua aliliwekea nukta ya penseli juu.

"Hii nukta inakaa juu mpaka mtoto atoke," akaniambia. "Mtoto anashika hapo juu. Ukigeuza, anazama ndani ya yai lake mwenyewe. Hii si kuku."

Tukayapanga kwenye mikebe ya plastiki, juu ya zile chengachenga nyepesi zinazoshika maji, zinazouzwa kwenye maduka ya mbegu. Maji kidogo tu, ukizifinya mkononi zisidondoshe. Halafu ndani ya kabati, gizani, bila moto, karibu mwaka. Haya unayajua kuliko mimi sasa. Nayaandika ili uone kwamba mimi pia niliambiwa, na kwamba nilipofika nyumbani nilimwambia baba yako kila neno, akiwa amekaa hapo kitandani anakata kucha.

Kisha watu wa kupanua barabara wakaja na rangi nyekundu, wakaweka alama ya kubomoa kwenye kile chumba cha mawe. Wanyama Mama Njeri aliwapeleka kwa dada yake Ruiru. Mayai hayakuweza kwenda huko, barabara ilikuwa mashimo matupu, na dada mwenyewe alisema hatalala nyumba moja na mayai ya shetani. Wapangaji Mama Njeri hakuwaamini hata na ndoo. Akaniambia, "Mama Akoth, kaa nayo wewe, mpaka nijenge ingine huko nyuma."

Niliibeba mikebe ile kwa miguu kutoka 56 mpaka hapa. Bodaboda waliniita wote nikakataa. Nilitembea kama mtu aliyebeba chai iliyojaa, nikavuka Barabara ya Ngong nikisimama kwa kila tuta, na vijana wakinicheka. Nikaiweka chini ya kitanda, upande wa ukutani, mbali na jiko. Majirani walipojua, kikundi cha maombi kilikuja kukemea mlangoni kwetu. Walikemea mikebe ya plastiki jioni nzima, watoto wao wakicheza kwenye mtaro wa maji machafu bila mtu wa kuwaita.

Baba yako mwanzoni alikuwa upande wa wale wa maombi. Alikuwa anasema nimemletea uchawi nyumbani. Halafu siku moja akaniuliza kama wale wazungu wananunua hata mayai, na tangu siku hiyo hakuna aliyejua kinyonga kama yeye. Nilimsikia pale kwa kioski akiwaeleza watu vile kinyonga hupumua. Nilipaswa kuibeba ile mikebe nikairudisha siku hiyo hiyo. Badala yake nilifurahi kwamba hatimaye amependezwa na kazi yangu. Niliona ni mapenzi.

Jioni moja nimetoka kufua, nakuta viatu vya wanaume mlangoni. Baba yako alikuwa katikati ya nyumba, kofia ya injinia kichwani, ameshika yai kwa vidole viwili mbele ya tochi ya simu, analizungusha polepole kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Wanaume wawili walikuwa wamekaa kitandani, na wewe katikati yao, unakula ndizi.

"Mnaona hiyo mishipa nyekundu?" alikuwa anawaambia. "Hiyo ni mtoto. Na huyu ni wa kiume, angalia."

"Weka chini," nikasema.

"Mama Akoth, tulia. Hawa ni wateja."

"Umeyageuza."

"Yai ni yai. Kuku hugeuza yake kila siku. Ama hujawahi kuona kuku?"

Wale wanaume wakacheka. Niliangalia ndani ya mikebe. Nukta za Mama Njeri zilikuwa zinatazama kila upande, nyingine hazikuonekana kabisa. Na mikebe yenyewe ilikuwa juu ya stuli, kando ya jiko lenye makaa, vifuniko vimejaa mvuke.

"Na hii?" nikauliza.

"Nimeyaongezea joto yatoke haraka. Watu hawawezi ngoja mwaka mzima juu ya mjusi."

Alisema hivyo kwa ile sauti yake. Na ukiwa hujui kitu, ungemwamini. Wale wawili walimwamini mpaka wakamnunulia chakula.

Baada ya siku kadhaa mayai yakaanza kuwa ya njano, yakabonyea, mengine yakaota ukungu. Nyumba ikanuka. Baba yako akasema Mama Njeri alitupatia mayai mabovu tangu mwanzo, na kwamba tungemshtaki. Wiki ile Mama Njeri alituma ujumbe kwamba chumba kipya kimekwisha, nirudishe mikebe. Asubuhi yake baba yako akavaa kofia yake, akasema anaenda Thika kuangalia kazi.

Hakurudi. Hivyo ndivyo ulivyoachwa, Akoth, na sitakupambia. Wako wanaume wamekimbia polisi, wengine wamekimbia vita. Wa kwako alikimbia mayai ya kinyonga.

Niliibeba mikebe kwa miguu tena, ingawa hakukuwa na haja ya kutembea polepole. Wewe nilikufunga mgongoni, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kukuachia. Mama Njeri alifungua mkebe wa kwanza, akanusa, akafunga.

"Nani?"

"Baba Akoth."

"Aliyageuza?"

"Aliyageuza, halafu akayaweka karibu na jiko."

Aliangalia ukuta mpya usiopakwa rangi bado. Kisha akasema, "Nilifikiria panya. Nikafikiria siafu, nikafikiria majirani zako. Mwanaume nikamsahau."

Nilisimama nikingoja anifukuze. Hakunifukuza. Alinipa kijiko, tukaanza kuyatoa yaliyooza, mimi nikilia na yeye akiniambia nisidondoshee mayai machozi kwa sababu yana chumvi. Kwenye kona ya mkebe wa pili, ile iliyokuwa mbali na jiko, tulikuta machache ambayo nukta zilikuwa bado juu. Nadhani wale wateja walichoka kabla hajayafikia. Mama Njeri aliyahamishia kwenye mkebe msafi. Hakusema yatatoka. Alisema tu, "Haya hayana makosa."

Kuanzia hapo nilikuwa naenda na wewe kazini kila siku. Ulijifunza kutembea bila kukanyaga panzi. Nyumbani mimi nilikuwa bado naweka ugali wa baba yako kando, chini ya bakuli, kila jioni, na kila asubuhi naukuta umekauka kama sabuni na kuutupia mbwa wa jirani. Nilifanya ujinga huo kwa miezi. Nikiwaona sasa wanawake wakifanya hivyo nataka kuwatikisa, halafu nakumbuka mbwa yule alivyonenepa.

Siku moja, umeshakua kidogo, Mama Njeri alituita. Mayai yalikuwa yanatoa jasho. Vitone vidogo vidogo juu ya ngozi ya yai, kama mtu mwenye homa. Kesho yake moja likapasuka nchani, na kichwa kikatoka. Kichwa tu. Yule mtoto alitulia hapo, nusu nje nusu ndani, kama anafikiria kama kunafaa kutoka. Wewe ulitaka kumvuta. Mama Njeri akakushika mkono.

"Usimguse. Akuje mwenyewe."

Tulingoja mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Alipotoka mzima, Mama Njeri alifungua kiganja chako, akaweka chake chini yake. Unajua mkono wa Mama Njeri ulivyo mkubwa. Ule ni mkono uliolima kabla shamba la baba yake halijawa ploti. Akakuambia usifunge vidole. Kinyonga akapanda kutoka kwa mkebe, akavuka kiganja chako hatua kwa hatua, akikuangalia kwa jicho moja na kuniangalia mimi kwa lingine. Hukupumua. Baba yako wakati huo sijui alikuwa wapi. Thika hakuwa.

Basi ndio huo mkono. Wiki jana ulienda kumuaga mwenye mkono huo, ukamwambia unaenda kwa baba aliyekushika ukiwa mdogo, na yeye hakukusahihisha. Mimi nilikasirika. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia, "Nimemfundisha kuangalia. Ataona mwenyewe."

Mimi sina subira yake. Kwa hivyo nakuambia utakachokuta. Utakuta mtu anayeongea vizuri. Atakuonyesha vizimba kwanza, kwa sababu vizimba vinaonekana. Akileta wateja atasimama mbele yako na kusema "sisi", na ukimwambia kitu kuhusu mayai atakueleza habari za kuku. Muulize leseni iko wapi. Akisema inakuja, usiguse hata mkia wa mjusi wake, kwa sababu siku watakayokuja wenye kuuliza, atakuwa ameenda kuangalia kazi mahali.

Na usije ukadhani namchukia. Kuchukia ni kazi, na mimi nimefanya kazi za kutosha kwa ajili ya mtu huyo. Namdharau tu. Dharau ni nyepesi, unaenda nayo sokoni na kurudi. Ila sitaki uirithi kwangu kama sahani. Ukiona cha kumdharau, kidharau kwa macho yako. Ukiona kingine, pia ni chako.

Kuna jambo moja limebaki, na hili utalikasirikia. Leo mchana ulipokuwa unaoga, simu yako ililia juu ya kitanda. Nikaona ni namba yake, nikashika.

"Akoth?"

"Ni mama yake."

Ikaja ile sauti, haijazeeka hata siku moja. "Mama Akoth. Habari ya siku mingi."

"Sema ulichotaka."

"Si kitu. Nilikuwa tu nataka kujua, kesho anakuja na mayai? Huyo mama wa Kawangware si lazima amempatia ya kuanzia?"

Nilingoja. Nilimpa nafasi ya kuuliza kama uko mzima. Nilimpa nafasi ya kuuliza umefanana na nani, au utavaa nguo gani ili akutambue pale steji, maana hajakuona tangu ukiwa wa kubebwa mgongoni. Nilisikia anapumua tu, akingoja jibu la mayai.

"Anakuja na kila alichopewa na Mama Njeri," nikamwambia. "Enda umngoje."

"Nitakuwa hapo mapema," akasema, na nilimsikia ametabasamu.

Kwa hivyo atakuwepo. Hilo nimekuhakikishia. Ndani ya begi lako hakuna yai hata moja, nimelipanga mwenyewe. Kesho ukishuka, usimkimbilie na usimsalimie haraka. Simama kidogo uangalie macho yake yanaenda wapi kwanza, kwa uso wako ama kwa begi. Kama ni kwa uso, basi nimemkosea mtu huyo, na utanipigia uniambie, na nitakubali, ingawa itaniuma. Kama ni kwa begi, geuka hapo hapo ulipo. Ukibisha hodi hapa usiku nitafungua, na sitakuuliza kitu.

Mama yako